Walimchoma Baba Yangu wa Karatasi

Nilimwona baba yangu ananing'inia kwenye kamba mbele ya duka la mikate, kiunoni kafungwa fataki, majirani wanapiga makofi.

Na baba yangu mwenyewe alikuwa amesimama kando yangu, kashika kofia mkononi, anatazama juu kama wenzake.

Hapana, sijachanganyikiwa. Nipe muda kidogo nikusimulie, halafu uniambie kama na wewe hutatema mate.

Naitwa Eduviges, ila mtaani wote wananiita Vige. Nimezaliwa na kukulia mtaa wa San Pancracio, mji mdogo tu huku Guanajuato, Mexico. Kazi yangu ni kupaka rangi vinyago vya karatasi. Ukinusa mikono yangu hutanionea wivu, lakini ndiyo kazi inayonilisha.

Kwetu kila Jumamosi Kuu tunamchoma Yuda.

Ni mtu wa karatasi. Mifupa yake mianzi, ngozi yake magazeti yaliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Kiunoni anafungwa fataki, tumboni anajazwa peremende. Anapandishwa kwenye kamba katikati ya barabara, fundi anawasha utambi, Yuda anazunguka, analipuka, watoto wanagombania peremende. Raha mtindo mmoja.

Miji mingine wanachoma shetani mwenye pembe na mambo yanaishia hapo. Mtaani kwetu sisi ni wajuaji. Yuda wetu lazima awe mtu.

Namaanisha mtu unayemjua, anayenunua mikate pale pale unaponunua wewe. Hakuna anayetaja jina. Anapandishwa tu kambani, watu wanakodoa macho, halafu mmoja anasema, "Si fulani yule?" Basi, imeshakuwa. Kicheko, moto, makofi.

Na ukishachomwa, umekwisha. Watu wanakuitikia salamu kwa shingo upande. Hupewi dhamana yoyote mtaani. Hubebi sanamu ya mti ya Mtakatifu Pankrasi, msimamizi wa mtaa, kwenye maandamano ya mwezi wa tano, na kwetu mwanamume asiyembeba Pankrasi ni kama hana kwao.

Mwaka juzi walimchoma Nabor, kinyozi. Kosa lake eti alikuwa anatoboa siri za wateja. Nabor huyu huyu aliyekuwa akininyoa mimi nikiwa mtoto wakati wa chawa. Jumatatu ya Pasaka alifungua kibanda chake, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe kutwa nzima bila mteja. Wiki tatu baadaye akafunga virago, akaenda kaskazini kwa mdogo wake. Mpaka leo kibanda kimefungwa, paka wanazalia mle ndani.

Mtu aliyetengeneza Yuda wote hao anaitwa don Fidencio; don ni bwana, kwa heshima. Ndiye bosi wangu.

Mzee wa miaka sabini na kitu, ndevu nyeupe, sauti ya upole, mikono ya dhahabu. Hilo la mikono simnyimi. Akikunja mwanzi unaona mtu anatokea hewani. Mtaa mzima unamwita maestro, yaani fundi mkuu, na yeye anapenda.

Nimefanya kazi kwake miaka minane. Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya nyumba, kimegawanywa kwa pazia. Mimi nyuma ya pazia, nachemsha gundi na kupaka rangi. Yeye mbele, anapokea wageni. Vichwa alikuwa anavitoa mwenyewe kwenye kalibu, umbo la udongo la kubandikia karatasi, mlango umefungwa, hakuna kuingia. Mimi nilikuwa napewa kichwa kikiwa tayari kimekauka, cheupe, kinasubiri rangi.

Gundi ya unga ikilala siku mbili inachacha. Inanuka kama matapishi ya mtoto mchanga. Mende wanaipenda, panya wanaipenda zaidi. Nimeshatoa panya mfu kwenye paja la Yuda. Na bado nakwambia, siyo gundi iliyokuwa inanitia kichefuchefu kule ndani.

Ni wageni wa Kwaresima.

Ikishaingia Kwaresima tu, wanaanza kuja. Mmoja mmoja, kila mmoja na bakuli lake la capirotada limefunikwa kwa kitambaa. Hicho ndicho chakula chetu cha mfungo: mkate mkavu uliolowekwa kwenye sukari guru na mdalasini, juu yake zabibu na jibini. Wanampa don Fidencio, wanakaa, wanavuta kiti karibu na sikio lake.

Halafu wanaanza kutapika.

Huyu mke wake hivi. Yule mtoto wake si wake. Yule anaiba mishumaa ya kanisani. Wanamnong'oneza kila uchafu, na kila mmoja anamalizia kwa maneno yale yale: "Mimi simo, maestro. Nakwambia tu ujue."

Mimi nyuma ya pazia nimetia mikono kwenye gundi, nasikia yote, na kwenye tundu la pazia naona. Asubuhi yake nakutana na mtu huyo huyo dukani, kamkumbatia jirani ambaye jana yeye mwenyewe alimchafua kwa maestro, anamwuliza hali ya watoto. Jamani, binadamu ana sura ngapi?

Na don Fidencio anasikiliza, anatikisa kichwa taratibu, anakula. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Sharubati ya sukari inamchuruzika kwenye ndevu, anaifuta kwa kidole, anakiramba kidole. Mpaka leo capirotada siili.

Mwaka huu alikuja dada mmoja wa redio kutoka mjini. Walikuwa wanafanya kipindi kuhusu wasanii wa mitaani na mambo yanayowapa msukumo. Kijana mzuri, mpole, kinasa sauti mkononi.

"Maestro," akauliza, "hizi sura unazitoa wapi? Ni kitu gani kinakusukuma?"

Don Fidencio akainua macho darini, kama anamsubiri Roho Mtakatifu.

"Ni watu wangu, binti," akasema. "Nakaa pale mlangoni jioni, natazama nyuso zao. Nawapenda hawa watu. Msanii asiyewapenda watu wake atachonga nini? Mimi mkono tu. Mtaa ndio unaochonga."

Yule dada machozi yakamlengalenga.

Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nakung'uta mende kwenye ndoo ya gundi. Nikasema moyoni, ungejua mtaa unachonga kwa kutumia nini, ungelia kweli kweli.

Sasa tuje kwa baba yangu.

Baba anaitwa don Eleuterio. Mwembamba, mrefu, hana ndevu hata moja, meno mawili ya mbele hayapo. Ndiye anayeshika ufunguo wa pampu ya kisima cha mtaa. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, akisikia injini inakohoa anaamka kuitazama. Kazi ya kujitolea, hapati hata asante. Pia ni mmoja wa wanaume wanane wanaombeba Pankrasi. Alianza kumbeba akiwa na miaka kumi na saba. Ukitaka kumwona baba yangu amefurahi, mtazame siku ile, bega la kushoto chini ya mti wa kumbebea mtakatifu, macho kayafumba.

Mwaka huu mvua zilikataa. Kisima kikashuka. Maji yakawa yanatoka kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, tena kwa kwikwi, yana mchanga. Baba alieleza mtu mmoja mmoja: maji yako chini, bomba halifiki, tusubiri mvua. Lakini nani anataka kusikia habari ya mvua wakati kuna mtu wa kulaumu?

Wiki ya nne ya Kwaresima akaja doña Crispina.

Huyu mama ngoja nikujulishe. Ndiye kinara wa kanisa. Anafua vitambaa vya altare, kila Alhamisi anampangusa Mtakatifu Pankrasi vumbi kwa pamba na mafuta. Akipita barabarani unasikia rozari kabla hujamwona. Alileta bakuli kubwa kuliko wote, jibini imejaa juu.

"Maestro," akaanza, "mimi siyo mtu wa maneno."

Nikajua leo kuna mzigo.

"Ila hii habari ya maji. Kwa nini kule juu kwenye mashamba ya nyanya maji yapo na sisi tunalamba mchanga? Nani ana ufunguo? Watu wanasema Eleuterio anageuza bomba. Mimi sijaona kwa macho yangu, lakini wahenga walisema, lisemwalo lipo."

"Mm," akasema don Fidencio, mdomo umejaa.

"Mtu wa kanisani kama yule. Anagusa mti wa mtakatifu kwa mikono ile. Mimi simo, maestro. Nakwambia tu ujue."

Nikataka kutoka na ndoo nzima ya gundi nimmwagie.

Kabla sijainuka mlango ukagongwa. Akaingia baba yangu, kabeba ndoo ya maji begani, mchanga umeshachujwa kwa kitambaa.

"Don Fidencio, habari za mchana. Nimekuletea maji ya gundi, najua bila haya kazi haiendi. Doña Crispina, habari zako. Na wewe nikuletee ndoo?"

"Mungu akubariki, don Eleuterio," akasema yule mama, sauti ya asali. "Wewe ni mtu mwema sana."

Nakuapia alimshika mkono. Mkono ule ule ambao dakika moja nyuma ulikuwa haufai kugusa mti.

Baba akatoka. Ndoo ya maji ya kukorogea gundi ya Yuda wake aliileta mwenyewe, kwa bega lake.

Yule mama alipoondoka nilitoka nyuma ya pazia.

"Don Fidencio, siyo baba."

"Binti, umeanza kusikiliza maongezi ya watu?"

"Miaka minane nasikiliza, wewe unajua. Siyo baba. Unamjua. Kisima kimekauka, na wewe unajua kimekauka."

Akafuta ndevu.

"Mimi sijasema ni nani. Umewahi kunisikia nikisema ni nani?"

"Basi toa kichwa kingine. Kisifanane naye. Tafadhali, maestro. Wakimchoma, watamtoa kwenye mti wa Pankrasi, na hilo litamuua."

Akanitazama, halafu akatabasamu kidogo, tabasamu ambalo wakati ule sikulielewa.

"Kichwa ni kichwa, Vige. Nitakupa kichwa. Wewe kipake utakavyo."

Nikashika neno hilo kama mtu anayezama.

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa anapaka grisi kwenye mnyororo wa pampu, hakuinua hata macho.

"Ni karatasi hiyo, Vige. Acha wachome karatasi."

"Nabor pia alisema ni karatasi."

Nikaona mkono wake umesimama juu ya mnyororo.

"Crispina amesema hivyo kweli?"

"Kwa mdomo wake."

"Nilimbeba mumewe siku ya mazishi," akasema. Akaendelea kupaka grisi, lakini alikuwa anapaka pale pale alipokwisha kupaka.

Basi nikaingia kazini. Nilipopewa kichwa nikafanya kila hila niliyojifunza. Baba hana ndevu: nikambandikia Yuda masharubu ya katani, mekundu, mapana kama ufagio. Baba macho meusi: nikapaka ya kijani. Nikamwekea chunjua shavuni. Nikamchora meno yote thelathini na mawili, meupe pe, na la dhahabu moja. Kiwiliwili nikakijaza magazeti mpaka Yuda akawa na kitambi cha mla nyama. Kofia nikampa ya kizungu, baba hajawahi kuvaa kofia ya namna ile tangu azaliwe.

Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua chache, nikamtazama. Hafanani na baba yangu. Hafanani na mtu yeyote ninayemjua. Nikapumua.

Nilijiona mjanja sana. Subiri.

Jumamosi Kuu mtaa umejaa. Wauza matunda, watoto mabegani mwa baba zao, dada wa redio na kinasa sauti chake, akina mama wamevaa nguo za kanisani. Baba alitaka kubaki nyumbani, nikamkatalia. Nikamwambia, twende, utaona mwenyewe, nimekutoa pale kambani.

Kamba ikavutwa. Yuda akapanda, masharubu mekundu yanapeperuka, kitambi mbele.

Watu shingo juu. Wanakodoa.

Nikahesabu moyoni, wataje mtu mwingine, wataje yeyote, wanitaje hata mimi.

Sauti ya mwanamume nyuma yangu ikasema, "Si Eleuterio yule?"

"Eleuterio hana masharubu," mwingine akajibu.

"Ndiyo maana kawekewa. Anajificha. Mwizi si anajificha?"

"Na kile kitambi?"

"Maji yetu yale. Kashiba maji yetu."

Kicheko kikapasuka barabara nzima. Mama mmoja akasema macho ni yale yale kabisa. Macho niliyoyapaka kijani kwa mkono wangu. Mwingine akasema meno ya bandia hayo, kanunua kwa hela za wakulima wa nyanya. Watoto wakaanza, "Te-rio! Te-rio! Toa maji!"

Nilitegemea chuki. Kilichonishinda ni jinsi walivyokuwa wanafurahi. Nyuso zinang'aa, midomo imelowa, kama watu walioalikwa harusi. Wengine walimgeukia baba kabisa, wanamtazama yeye, wanatazama juu, wanamtazama yeye, wanacheka. Mtu aliyechota maji kwa baba saa mbili zilizopita. Nilisikia kinyaa mpaka kwenye vidole vya miguu.

Baba akavua kofia, akaishika mkononi.

Don Fidencio akawasha utambi.

Fataki za kiunoni zikaanza, Yuda akazunguka, moshi, mlio, kitambi kikapasuka, peremende zikamwagika. Mikono ikaenda huku, miguu kule. Kichwa kikang'oka kizima, kikadunda chini mara mbili, kikabiringika mpaka mbele ya viatu vya doña Crispina.

Masharubu yalikuwa yameungua. Rangi imebabuka kwa moto, chunjua limedondoka, karatasi tupu iko wazi.

Yule mama akainua mguu akikanyage. Kuna watu walishaanza kumpigia makofi.

"Usikanyage," akasema baba.

Sijawahi kumsikia anatumia sauti ile. Mguu wa doña Crispina ukasimama hewani.

Baba akaenda, akainama, akaokota kile kichwa. Akakifuta masizi kwa mkono wa shati lake, taratibu, paji la uso, pua, kidevu. Akafika kwenye nyusi ya kushoto, akasimama hapo na kidole gumba.

Halafu akamgeuzia yule mama.

"Wewe unampangusa kila Alhamisi, Crispina. Niambie huyu ni nani."

Kwenye nyusi ya kushoto kulikuwa na pengo dogo la mshazari.

Hakuna mtu wa mtaa wetu asiyelijua pengo lile. Miaka mingi nyuma, baba akiwa kijana, wabebaji walijikwaa kwenye ngazi, Mtakatifu Pankrasi akaanguka kifudifudi. Akavunjika mkono na kupata jeraha la nyusi. Mkono ukaungwa. Nyusi wakaiacha, wakasema ni kumbukumbu yake.

Na mimi? Kila mwaka nilipopewa kichwa, nilikuta kipengo kwenye nyusi. Kila mwaka nilikiziba kwa karatasi na gundi, nikidhani kalibu ya mzee imemeguka; mwaka huu moto ulikibandua kiraka changu. Miaka minane nimempaka rangi mtakatifu wangu mwenyewe na sikumjua, kwa sababu kila mwaka nilikuwa nimeshasikia jina nyuma ya pazia, na nilikuwa naliona jina hilo usoni.

Doña Crispina akashusha mguu. Akapiga ishara ya msalaba. Habari ikapita kwa watu kama moto kwenye mabua: ni Pankrasi, ni Pankrasi, tumemchoma Pankrasi.

Wote wakamgeukia don Fidencio.

Yule mzee alikuwa bado kashika kijiti cha utambi. Hakukimbia, hakukana.

"Nani aliuunga mkono wake ulipovunjika?" akauliza. "Si mimi? Alikaa karakana kwangu mwezi mzima. Nikabandika udongo usoni pake, nikatoa kalibu. Ndiyo sura pekee ya maana niliyowahi kuipata mtaani humu."

"Miaka yote?" mtu akauliza.

"Miaka yote. Yuda wote ni yeye. Nilimbadilishia kofia tu. Sijawahi kumtengeneza hata mmoja wenu. Nyinyi ndio mlikuwa mnaleta majina. Mimi nilikuwa nakula capirotada."

Dada wa redio kinasa sauti kilikuwa kinamponyoka mkononi.

Nikamwuliza, "Na Nabor je?"

"Nabor mlimchoma nyinyi kwa midomo yenu."

"Na wewe ulikuwa unajua siyo yeye. Ulikuwa mtu pekee duniani aliyejua. Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo alipoinamisha macho. Akajaribu kusema kitu kuhusu sanaa, kwamba msanii hafafanui kazi yake. Nikatema mate chini mbele ya viatu vyake. Sijutii. Maestro alikuwa anapenda kuona watu wakijidanganya, na alishiba.

Sasa unadhani nini kilifuata? Unadhani walimpigia baba yangu magoti?

Walikimbilia kanisani.

Mtaa mzima. Wanawake wanalia kwa sauti, wanaume wamevua kofia. Wakamshusha Pankrasi kutoka kwenye kiti chake, wakamlaza kwenye benchi, wakawa wanambusu miguu, wanamwomba msamaha. "Tusamehe, Mtakatifu wetu, hatukujua." Mishumaa ikaisha dukani. Mwanamume aliyesema kitambi ni maji yetu alikuwa anapiga paji lake la uso sakafuni.

Walitupita mimi na baba pale barabarani kama watu wanaopita nguzo. Hata mmoja hakusimama.

Tukarudi nyumbani. Baba akakiweka kile kichwa juu ya meza, akakaa.

Baadaye mlango ukagongwa. Doña Crispina, macho mekundu, ndoo mkononi, nyuma yake akina mama kama kumi. Nikajua hatimaye wamekuja kumwomba radhi. Nikasogea pembeni nimpishe.

"Don Eleuterio," akasema, "samahani kidogo."

"Ndiyo, doña Crispina."

"Tunaomba utufungulie pampu. Tunataka kumwosha Mtakatifu uso."

Nikasubiri neno la pili. Halikuwepo. Samahani ilikuwa ya kubisha hodi tu.

Nilimwomba Mungu baba akatae. Nilitaka autupe ufunguo ule kisimani, wakamwoshe Pankrasi kwa machozi yao ya kinafiki. Baba akainuka, akachukua ufunguo ukutani, akaenda kuwafungulia. Maji yakatoka kwa kwikwi, yana mchanga, na baba akawachujia kwa kitambaa.

"Kwa nini, baba?" nikamwuliza aliporudi.

"Maji siyo yangu, Vige. Ningewanyima, kesho wangesema si tulisema?"

Mimi karakana sijarudi. Siku hizi natengeneza punda na nyota za karatasi za sherehe za watoto, nyumbani, na gundi yangu naimwaga kabla haijachacha. Don Fidencio bado yupo, bado anaitwa maestro. Nasikia kuna watu wameshaanza kuvuta kiti karibu na sikio la fundi mwingine mtaa wa pili, wanamwambia Yuda wa mwakani awe Fidencio. Wamepeleka na bakuli.

Mwezi wa tano walikuja kumwita baba kwenye maandamano, watu wamepungua, mti unalemea. Walisema "nafasi yako ipo, don Eleuterio," kama vile ni wao wanaomsamehe yeye. Baba akawajibu bega linamuuma. Jana yake tu alikuwa amebeba gunia la mahindi kutoka sokoni kwa bega lile lile, bila kulalamika.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, chukua hili. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na aliyeamua kukuchoma hahitaji sura yako, hata ya mtakatifu inamtosha. Usijisumbue kujipaka rangi ili wakuone vingine. Na wewe unayependa kusema "mimi simo, nakwambia tu ujue", umo. Watu kama wewe waliiomba sanamu ya mti msamaha, na baba yangu mpaka leo hajaombwa.